Fisi Aliyetoka Kabla ya Ngoma

"Mlinzi wa ua ni aliye ndani." Ndivyo mama yako alivyokujibu, Sayi, ulipolalamika kwamba mtaa mzima unaisoma barua ya mchumba wako uliyoiweka mwenyewe mtandaoni. Methali hii ilianza hivi, na ilianza na mimi bibi yenu, kwa hiyo chekeni kwa adabu.

Kikundi chetu cha ngoma hapa Usukumani kilikuwa kinajiandaa kushindana na cha ng'ambo ya mto. Anayevuta watu wengi uwanjani ndiye mshindi, kwa hiyo kila kikundi huficha jambo lake jipya hadi siku yenyewe. Jambo letu lilikuwa fisi wa gunia, mkubwa kama ndama, mdomo wake unafunguka na kujifunga. Nilimshona mimi. Tulimficha ndani ya ua wa minyaa, na Mzee Luhende akakaa langoni miezi miwili, juani, akifukuza hata kuku.

Nilijivunia fisi yule, jamani! Nikampiga picha, nikaiweka kwenye stetasi ya simu yangu. Nilijiambia wanaoona ni ndugu tu.

Siku ya ngoma wenzetu wa ng'ambo walitangulia kuingia. Wakatoa fisi watatu! Watu wote wakakimbilia kwao, nasi tukabaki tunawachezea mbuzi.

Manju, kiongozi wetu, akamgeukia Mzee Luhende. "Umetuuza! Leo unatoka kikundini."

"Atoke!" nilipiga kelele kuliko wote.

Ndipo akapita mume wa dada yangu, mchezaji wa wapinzani, jasho likimtiririka. Akaninong'oneza, "Shemeji, ahsante kwa ile picha. Mshono wako tumeuiga wote."

Ningeweza kunyamaza, maana hakuna mwingine aliyemsikia. Lakini nilimwona yule mzee, fimbo mkononi, macho chini, nikaona aibu.

"Manju, mwache mzee," nikasema. "Ni mimi. Picha niliitoa mwenyewe."

Mzee Luhende akanitazama, kisha akacheka hadi akakaa chini. "Binti yangu, kumbe kuku wa watu nimewafukuza bure! Mlinzi wa ua ni aliye ndani."

Tulishindwa siku ile, lakini nililala na furaha, kwa kuwa mzee alirudi kwake na heshima yake. Mwaka uliofuata nilishona nyati, tukashinda. Picha yake hamtaiona popote.

Basi, Sayi, barua ya pili ikija, kabla hujaishika simu kumbuka: mlinzi wa ua ni aliye ndani.