Kijiji Kilichorudi Kutoka Ziwani

Mkono uliojaa haushiki mkono. Mmemsikia shangazi yenu akiisema huko mferejini, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika shule moja ya sekondari chini ya milima ya Upare palikuwa na mwalimu wa jiografia aitwaye Nakijwa. Darasani alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kila Jumamosi mchana nyumba yake ilijaa sauti. Wenzake wawili walikuja kucheza mchezo wa safari: Mchome, mwalimu wa hesabu, na Naetwe, mama mpole aliyetunza maktaba.

Mchezo wenyewe hauna ubao. Mmoja huwa msimulizi, naye ndiye anayeeleza dunia ilivyo: mto uko wapi, nani anabisha hodi, mvua imeanza lini. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, na husema mtu huyo anafanya nini. Jambo likiwa la mashaka, hurusha dadu kuamua. Msimulizi alikuwa Nakijwa.

Tatizo lilikuwa uporaji. Nakijwa alikesha akitunga kijiji, akawapa watu wake majina na magomvi yao, lakini hajamaliza hata kuwatambulisha, Mchome alishauliza, "Ndani mna nini?" Wakazoa taa, mapazia, hata misumari. Safari moja walimwokoa mfalme aliyetupwa shimoni, na kabla hajamaliza kushukuru wakamvua viatu. Naetwe, ambaye hakuwahi kuondoka na hata kalamu ya maktaba, naye akaambukizwa.

Nakijwa aliweka walinzi. Wakauawa, wakavuliwa silaha. Akaweka laana juu ya dhahabu, nao wakaiuza kwa msafiri asiyejua. Mwishowe akawaambia waziwazi, "Jamani, hivi hamna la kufanya humu ila kuchukua?"

Mchome akacheka. "Mwalimu, si ni mchezo tu? Vitu vyenyewe si vya mtu."

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Si vya mtu. Nakijwa alizaliwa katika kijiji ambacho leo kimefunikwa na maji. Alikuwa na miaka tisa serikali ilipojenga bwawa na watu wakahamishwa. Mpaka utu uzima wake, kila kiangazi alipanda basi kwenda kusimama ukingoni mwa ziwa lile, akikisia kwa macho: pale palikuwa kisima, pale kanisa, pale kwetu. Hakuwahi kumweleza mtu yeyote.

Jumamosi iliyofuata alianza hadithi hivi: ziwa limekauka, na katika tope lililopasuka kimeibuka kijiji kizima. Wasafiri wakashuka. Nyumba ya kwanza ilikuwa na mlango wa mninga, na mlangoni ameketi bibi kizee.

"Anawakaribisha," akasema Nakijwa. "Anauliza mmekula?"

"Tumekula," akajibu Mchome. "Ndani mna nini?"

Nakijwa akafumba macho, maana hapo hakuhitaji kutunga. "Kuna jiwe la kusagia, limebonyea katikati. Kuna kigoda cha miguu mitatu. Kibuyu cha maziwa kimening'inia karibu na dirisha."

"Nachukua jiwe. Naetwe, wewe beba kibuyu na kigoda. Na huo mlango ni mninga kweli? Basi naung'oa."

Nakijwa aliwaacha. Kila walichokitaja alikiandika. Alitamani kupiga kelele. Alitamani pia waendelee, maana kwa muda mrefu hakuna mtu aliyewahi kuvitaja vitu hivyo kwa sauti.

Kisha akasema, "Maji yanarudi. Yamefika magotini. Bibi anainuka, ananyoosha mkono kwa Mchome. Hawezi kupanda kilima peke yake."

"Namshika," akasema Mchome, akanyanyua dadu.

"Kwa mkono upi?"

"Wowote."

"Wa kulia umeshika jiwe. Wa kushoto umezuia mlango ulio mgongoni. Mchome, mkono uliojaa haushiki mkono."

Mchome alitaka kutania, lakini alipomtazama usoni akairudisha dadu mezani. "Nakijwa," akauliza taratibu, "huyu bibi ana jina?"

"Anaitwa Nakijwa. Mimi ni mjukuu wake."

Ndipo akawaeleza. Siku ya kuhama lori lilijazwa mabati, milango na vitanda. Yeye alikuwa juu ya mizigo, amekumbatia sufuria mbili alizoambiwa asiziachie. Bibi akanyoosha mkono avutwe. Mtoto akatazama sufuria, akatazama mkono, na kabla hajaamua dereva akaondoa gari. Bibi alipanda lori la pili. Lori hilo lilipelekwa makazi mengine, mbali, na mvua za kwanza zilipokatika habari zikaja kwamba homa imemchukua. Hawakuonana tena.

"Sufuria zenyewe," akasema Nakijwa, "hata sijui ziliishia wapi."

Naetwe alikuwa analia. Mchome akasema kwa sauti ya mtu aliyemo ndani ya hadithi, "Naweka jiwe chini. Naweka mlango chini. Namshika bibi kwa mikono yote miwili."

"Na mimi naweka vyote," akasema Naetwe. "Nashika kiuno chake."

Wakarusha dadu. Zikakubali. Maji yakafunika jiwe, kigoda, kibuyu, na watu watatu wakafika kilimani.

"Bibi anasemaje?" akauliza Naetwe.

 Nakijwa ndiye msimulizi, hakuna mwingine wa kumsemea bibi. Akatafuta ile sauti, akakuta sehemu kubwa imekwisha kupotea.

"Anasema," akajibu hatimaye, "'Mkono wako una baridi, mwanangu. Ulikuwa wapi?'"

Hawakucheza zaidi siku hiyo. Na kiangazi kilichofuata Nakijwa alikwenda tena ukingoni mwa ziwa, maana hamu ya namna ile haiponi kwa hadithi moja. Ila safari hii walikuwa watatu. Aliwaonyesha kwa kidole: pale kisima, pale kanisa, pale kwetu.

Uporaji ulikoma. Walipofika kijiji chochote, Mchome ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza mwenyeji anaitwa nani. Msemo wao ukatoka sebuleni, wanafunzi wakaudaka, wakaupeleka makwao, na hivyo ndivyo ulivyomfikia shangazi yenu, aliyewakuta mmekumbatia mahindi ya kuchoma huku mdogo wenu anaomba mumvushe mfereji.

Mkono uliojaa haushiki mkono.