Pua, Mkono na Dumu la Zamzam

Haya, sogeeni. Wakubwa kwa wadogo, masikio nipeni sasa. Midomo mtaitumia mwisho, nitakapowaulizeni.

Walikuwako watu watatu, hakuna aliyemjua mwenziwe.

Wa kwanza ni Ghanima wa Pangani, mpika udi. Huyo Mungu alimpa pua. Ukipita mlangoni kwake alijua umekula nini, umekaa na nani, na kanga uliyovaa ilianikwa juani au ndani. Mumewe alishaacha kusema uwongo. Si kwa uchamungu, kwa kuchoka tu.

Wa pili ni Tabu, mkaanga chapati wa stendi ya Tanga. Yeye alipewa mkono. Aligeuza chapati kwa vidole vitupu juu ya chuma cha moto huku anapiga soga na kumsuta muuza maji wa jirani. Wenzake wakimwambia, "Tabu, utaungua," hujibu, "Moto na mimi tumezoeana, tunaitana kwa majina."

Wa tatu ni Faki, Mpemba wa Konde, aliyekuwa anarudi kutoka Umra na kupitia Tanga kumwamkia kaka yake. Huyu hakuwa na kipawa cha kusimuliwa. Alikuwa na dumu dogo la zamzam, maji ya kile kisima kitukufu cha Makka, na subira ya kulibeba. Alilipakata tangu Makka kama mtu aliyepakata mtoto wa watu, kwa kuwa mama yake, Bi Mize, miguu imekufa na macho yamefifia, alimwambia: "Mwanangu, kanzu sitaki, tende sitaki. Niletee maji yale niyanywe na mimi, maana kwenda sitakwenda tena."

Watatu hawa walikutana kwenye ndege ndogo ya Tanga kwenda Pemba, zile ndege ambazo abiria humwona rubani kisogo, na ukipiga chafya yeye ndiye wa kwanza kukuombea afya.

Na ndani ya ndege hiyo, kiti cha mbele, alikaa Bi Hadiya.

Bi Hadiya alikuwa anakwenda Wete kwa binti yake Raya. Raya aliolewa zamani, akakaa na tumbo tupu mpaka majirani wakachoka kumwombea. Kisha Mungu akajibu kwa wakati wake. Asubuhi ile ile simu ilikuwa imelia: "Mama, njoo. Uchungu umeanza." Basi mama mtu alikurupuka. Akatia vitumbua kwenye hotipoti, akatia kanga mpya za kumpokelea mtoto, akatia simu, na lile tofali la kuchajia, pawabenki, maana simu yenyewe ilikuwa nzee, ukiichomoa waya inazirai. Vyote ndani ya kapu moja, kapu juu ya mapaja.

Kabla ya kuruka, rubani aligeuka. Kijana mpole, jina lake Mbelwa.

"Shikamooni wazee wangu, na nyinyi wengine hamjambo. Mikanda fungeni. Simu zimeni. Mwenye pawabenki aichomoe waya, aiweke pale anapoiona. Asiifungie ndani ya mzigo wala asiifunike. Kitu kile kikipata joto hakina adabu."

Watu wakazima simu zao. Bi Hadiya akaitazama yake. Kuizima alijua. Kuiwasha ndiyo shughuli: ikiwaka inauliza nambari za siri, na nambari zile alizitia mjukuu wa dada yake, akaondoka nazo kichwani kwenda zake Morogoro. Akawaza, nikiizima imekufa. Na Raya akiniita? Mwanangu yuko kwenye uchungu, aniite, nisiitike?

Akaiacha inawaka, waya ndani ya tofali. Ili rubani asione, akavikunja vyote kwenye kanga ya kwanza, akazungusha ya pili, akabana kwa ya tatu, kama anavyoviringishwa mtoto mchanga siku ya baridi. Akavilaza ndani ya kapu na kuvifunika kwa hotipoti.

"Bibi wa mbele," rubani akauliza, "simu umezima?"

"Imelala, baba."

"Imelala au umeizima?"

"We rubani! Mtu akilala utamwuliza kama amezimwa?"

Abiria wakacheka, rubani naye akacheka, ndege ikapaa.

Walipokuwa juu ya bahari, Bi Hadiya alisikia joto zuri mapajani. Akajua ni vitumbua. Akavisifu moyoni kwa kutopoa upesi.

Nyuma kabisa Ghanima alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma. Ghafla mkoromo ukakatika. Macho hata hayajafunguka, pua imeshaamka.

"Kuna kitu kinaungua."

"Ni injini, dada," Faki akamwambia. "Lala."

"Injini ina harufu ya mafuta. Hii ni plastiki, na ndani yake mna pamba, mna iliki." Akafungua mkanda, akaja mbele anainamia watu kiti kwa kiti, anawanusa kama paka anayetafuta samaki. Mzee mmoja akalalamika, "Mimi nimeoga, mwanangu!" Ghanima hata hakumsikia. Alifika kwa Bi Hadiya akasimama. "Ni hapa. Bibi, toa hotipoti."

"Hivi ni vitumbua vya mzazi!"

"Bibi, chini ya vitumbua kuna moto."

Hakuna aliyeona moshi. Rubani mwenyewe hakuona. Lakini Ghanima aliliinua hotipoti kwa nguvu, na moshi mwembamba mweupe ukachungulia katikati ya kanga, ukapanda.

Ndani ya ndege ikawa tafrani. "Tupa dirishani!" "Dirisha la ndege linafunguka, wewe?" Rubani akapiga kelele, "Kaeni! Msijazane upande mmoja!" Na Bi Hadiya, aliyeelewa sasa ni nini alichokiviringisha, akainua mikono na kulia mbele ya wote:

"Ewe Mola, mwanangu yuko kwenye uchungu peke yake! Nifikishe! Atakayetutoa hapa, mjukuu wangu ataitwa jina lake!"

Nadhiri hiyo kila mtu aliisikia.

Tabu alikuwa kiti cha pili. Alipenyeza mkono ndani ya kanga zile, ya kwanza, ya pili, ya tatu, akalitoa tofali. Lilikuwa limevimba kama andazi, linapiga mluzi. Akang'oa waya kwa meno. Aliweke wapi? Chini zulia, kulia watu, kushoto watu. Akabaki nalo kiganjani.

"Mimina hivyo vitumbua, tuleteeni chombo!" akasema. "Na fanyeni upesi, huyu wa leo hatujuani."

Ghanima akavimwaga vitumbua, Tabu akaliachia tofali ndani ya hotipoti. Ngozi ya kiganja ilibaki huko huko. Lakini lilikuwa linazidi kuchemka, na cheche zikaanza kuruka.

"Maji!" rubani akaita. "Maji, mengi, lipoe!"

Watu wakapapasa. Kulikuwa na chupa moja, nayo imenywewa imebaki funda. Macho yote yakaenda kwenye dumu la Faki.

Faki akalitazama dumu. Mngemwona uso, mngemhurumia. Akafungua kizibo, akasema Bismillahi, akamimina. Tofali likalia, likanyamaza. Alipofika nusu akasita, akainua dumu. Nusu ingemtosha mama. Mara tofali likafufuka, moshi ukaanza upya.

"Mama, nisamehe," Faki akasema, na akamimina yote, mpaka akalikung'uta dumu. Safari hii tofali lilinyamaza kweli.

Ndege ikatua Pemba salama. Abiria walishuka, wakamzunguka rubani kumshukuru. Mbelwa akakataa. "Mimi nilifanya kazi yangu, tena nilikuwa nimeupa moto mgongo. Wenye uso kwa moto ni hawa watatu." Kisha akamwendea Bi Hadiya, akapiga goti. "Bibi, siku nyingine ukiniambia unasubiri simu ya mzazi, tutatafuta njia. Usinifiche."

"Sikukuficha wewe, baba. Nilikuwa naficha hofu yangu," akasema Bi Hadiya, na akalia kama mtoto.

Alifika Wete, akamshika Raya mkono, na kabla ya magharibi akazaliwa mtoto wa kike, mweusi tii, ana sauti ya kuuza samaki.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kazi.

Kwa desturi ya kwao, mtoto wa kwanza hupewa jina na mama wa mama. Siku ya saba, siku ya akika, nyumba ikajaa. Bi Hadiya, mtu wa kutimiza neno lake, aliwaita wote watatu, nao wakaja. Ghanima na udi wake, Tabu na mkono uliofungwa kitambaa cheupe, Faki na mama yake, Bi Mize, amebebwa kwenye kiti.

Raya akasema mapema, "Mama, nakuomba jina moja. Usinipe matatu, mwanangu si daftari la mahudhurio. Wala usiniambie wengine watasubiri mtoto wa pili. Huyu nimemngoja miaka, wa pili simwahidi mtu."

"Basi semeni," Bi Hadiya akawaambia wageni. "Nadhiri ni yangu, nami sitaki kumdhulumu mtu."

Tabu hakuzunguka. "Mimi nalitaka. Sina mtoto, na kwetu hakuna atakayechukua jina langu aniite somo. Nimekaa siku saba sijakaanga hata chapati moja. Pua ya Ghanima ingenusa mpaka tungeanguka nayo, kama asingekuwapo wa kushika."

"Mtoto aitwe Tabu?" Ghanima akamchokoza. "Unamtakia nini mwana wa watu?"

"Nimeitwa Tabu tangu nizaliwe, na sijaona iliyonishinda."

Watu wakaangua kicheko, hata Raya akajishika tumbo. Ghanima akacheka nao, kisha akatulia. "Mimi siombi. Ila niulizeni: nyinyi mlikuwa mnafanya nini nilipoamka? Mlikuwa mnangoja vitumbua. Mkono haushiki usichokijua. Maji hayazimi moto ambao hakuna aliyeuona. Ningeendelea kulala, leo kungekuwa na matanga, si akika. Nimesema tu. Siombi."

"Huombi, lakini umeomba vizuri," Tabu akamrudishia.

Faki akakohoa. "Dada zangu, nyote mmesema kweli. Mmoja alitumia pua, na pua yake anayo. Mwingine aliungua mkono, na mkono, inshallah, utapona. Maji yale hayarudi. Kwenda Makka nilichanga miaka, sina nguvu ya kwenda tena. Mimi sitaki jina langu, mtoto ni wa kike. Lakini yale hayakuwa maji yangu. Yalikuwa ya mama."

Wote wakamgeukia Bi Mize. Bibi yule alikuwa anapapasa hewani anamtafuta mtoto. Wakamwekea mapajani. Akamnusa utosi, akatabasamu.

"Msiniangalie mimi," akasema. "Faki aliponieleza, nilisononeka usiku mzima, sitawadanganya. Asubuhi nikasema, yamefanya kazi. Lakini mkiniuliza kama ningependa kusikia jina la Mize likiitwa uani baada ya mimi kuondoka… ah! Mzee gani asiyependa?"

Tabu aliinamisha kichwa, akaanza kufunga upya kitambaa chake ambacho hakikuwa kimefunguka. Ghanima akafuta macho, akasingizia moshi wa udi. Na hapo ndipo Bi Hadiya alipoona uzito. Asubuhi yote alikuwa akifikiri kwamba watagombana, naye atamwona mbaya wao na kumwondoa. Lakini mbaya hakuwepo. Angempa yeyote kwa furaha, na angemnyima yeyote kwa uchungu.

Akampokea mtoto kutoka kwa Bi Mize, akamgeuza kibla, akaweka midomo kwenye sikio lake dogo. Nyumba nzima ikasogea kusikia.

Haya. Masikio yenu nimekwisha kuyatumia, midomo nawarudishieni. Msiniambie apewe la Hadiya mwenyewe, nadhiri haikusema hivyo. Msiniambie wapige kura, jina la mtu halichezewi kamari. Tuseme ni wewe umempakata huyo mtoto, na mbele yako wamekaa mwenye pua iliyojua kabla ya wote, na mwenye mkono ulioshika walipokimbia wote, na mama wa maji yaliyomalizika yote. Ghanima, Tabu, Mize.

Wewe ungemwita nani? Na hao wawili waliobaki, ungewatazama usoni ukawaambia nini?