Kwa Nini Mwenye Mzigo Hapitwi Kona ya Chengoni

Hapo kale, kabla miguu yetu haijaujua mlima huu wa Chengoni, kulikuwa na tramu. Msicheke, wajukuu zangu. Gari refu la umeme, juu limeshika waya, chini limekanyaga reli, likipanda kutoka sokoni bondeni na kunung'unika kama bibi harusi aliyeozwa asikotaka.

Enzi hizo hatukujua kutwikana. Mzigo ulipandishwa na umeme; wewe ulitazama dirisha lako, jirani akatazama lake. Ndivyo tulivyokuwa, wala hatukuona ubaya.

Dereva alikuwa Mzee Shekuwe, mrefu, mdomo mchungu. Kila siku aligombana na Bi Mwanakombo, mjane aliyepika na kuuza muhogo huku juu. Alimwambia kapu lake limenenepa, iko siku litamwoa. Bi Mwanakombo naye akamjibu kuwa afadhali kapu, kuliko mwanamume anayesafiri kutwa nzima na asifike popote ila kule kule.

Basi wenye tramu wakachoka nayo. Yalikwisha kuja mabasi, nayo yalipita njia ya chini kwa kuogopa kona yetu. Wakatangaza siku ya mwisho, lakini mwenye kuzima umeme hakungoja gari lifike. Likafia pale konani, katikati ya mlima, jua utosini.

Abiria wakashuka. Wenye vifurushi wakajitwika wakaenda zao. Bi Mwanakombo akabaki na kapu lake chini, na huko juu wanawe hawana kingine cha kula. Akaliinua, likafika magotini, likarudi. Akalikumbatia tena, likafika kiunoni, likarudi. Watu wakampita. Hawakuwa wabaya; walichoka, tena hawakuzoea. Akaketi juu ya reli. Hakulia. Alisema tu, "Nimekwisha tua. Sasa nani wa kunitwika?"

Mzee Shekuwe alikuwa bado amesimama ndani ya tramu, kwenye mpini wake wa kuendeshea. Amri ya kazi ilikuwa dereva haachi mpini, wala hagusi mzigo wa abiria. Mpini umekufa, naye kaushika. Nadhani hapo ndipo alipochoka kweli. Akauachia, akashuka, akashika upande mmoja wa kapu.

"Haya, mama muhogo. Inua."

"Umeacha kazi?"

"Kazi ndiyo iliyoniacha. Inua, mgongo unaniuma."

Kapu likakaa kichwani. Bi Mwanakombo hakutoa shukrani. Alimwambia amelipinda, kisha akapanda zake polepole. Nyuma yake alikuja mwanamke mwingine na kuni, akihema. Mzee akamngoja apumzike, akamtwika naye. Kesho yake alirudi pale bila kuitwa, maana mwili ulizoea kuamka. Siku zikapita, watu wakaona haya kumwachia mzee peke yake. Aliyetwikwa leo akamtwika mwenziwe kesho.

Reli ziling'olewa, waya zikashushwa, Mzee Shekuwe tukamzika. Na tangu siku hiyo aliyoachia mpini, hapa Chengoni mwenye mzigo hutua penye kona ile, na anayepita, hata akiwa na tai shingoni, humtwika kwanza ndipo apande. Waliogombana asubuhi hutwikana, kisha wakaendelea kununiana.

Mlima haukupungua. Nimeupanda kwa miguu tangu enzi hizo, na goti hili halinisamehe. Lakini kutua mzigo, wajukuu zangu, sijapata kuogopa.