Mlamba, Mjumbe wa Moto

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmeshinda na njaa? Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wakisalimiana, mama mjane aitwaye Nyamizi alitunza msitu uliokuwa juu ya kijiji. Mkali huyo! Ukiokota kijiti, anakufukuza. Mbuzi akichungulia, jiwe linamfuata. Majani makavu yakajaa hadi magotini, nyasi zikafika mabegani, naye akijisifu, "Msitu wangu haujaguswa."

Siku moja akaja Mlamba, yule ndege mweusi mwenye mkia uliogawanyika panda.

"Mama Nyamizi, bwana wangu anauliza, chakula kipo?"

"Kipo tele!"

Mvua zikaisha, akarudi. "Chakula kipo?"

"Kipo tele!"

Nyasi zikaanza kukauka, akarudi tena. "Chakula kipo?"

"Nimesema kipo tele!"

Ndipo Kobe akachomoza kichwa majanini. "Mama, umewahi kumuuliza bwana wake ni nani?"

"Ni nani?"

"Ni Moto. Yeye hula vikavu, na Mlamba hudaka wadudu wanaomkimbia. Akija, mimi mbio sina. Na nyumba zenu za nyasi pia hazina miguu."

Nyamizi hakungoja Mlamba arudi. Akateremka kijijini kwa wanawake aliowafukuza.

"Jamani, njooni mwokote kuni."

Sida, mmoja wao, akacheka. "Leo jua limechomoza wapi? Si ulinifukuza na mtoto mgongoni?"

"Nilikufukuza. Nisamehe, mwenzangu. Na mbuzi waje."

Basi ikawa okota, funga, beba! Okota, funga, beba! Okota, funga, beba! Mbuzi wakala nyasi hadi matumbo yakawauma. Asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, wakachoma nyasi za ukingo wa msitu kidogo kidogo, huku wakizima kwa matawi mabichi.

Kilibaki kichaka kimoja. Humo marehemu mume wa Nyamizi alitundika mizinga yake ya nyuki.

"Hapo pasiguswe," akasema Nyamizi.

"Mama, pamekauka hapo," Sida akamwambia.

"Ni kazi ya mikono yake. Pasiguswe."

Kobe akamtazama, akaondoka polepole.

Kiangazi kikakolea, Moto akaja akinguruma. "Chakula kipo?"

"Hakipo!" wanawake wakajibu.

Akalamba ardhi tupu. Akakuta nyasi zimeshaungua. Akanywea, akanywea, akanywea. Kisha akanusa kile kichaka. Akakila chote, mizinga na vyote vilivyokuwamo. Alipomaliza hakuona kingine cha kula, akafa hapohapo.

Kijiji kikasalimika. Kobe akasalimika. Watu wakapiga vigelegele, lakini Nyamizi alikuwa amekaa kwenye majivu, analia. Sida akaja akaketi naye, wala hakumsuta.

"Nilidhani namtunza mume wangu," akasema Nyamizi.

Sida akamshika mkono.

Hadithi yangu nimeifikisha hapo, nami sina la kuongeza.