Misuko na Msusi Wake

Sebule ya fundi saa na mkewe ilikuwa ndogo, na robo yake ilikuwa bahari. Tangi la kioo, refu kama dawati la darasani, liliegemea ukuta likiwa na maji ya chumvi, mawe, matumbawe yaliyochanua kama maua, na samaki wawili wenye maringo. Fundi saa alilitunza tangi lile kama mboni ya jicho. Kila Jumapili alipima chumvi ya maji kwa umakini uleule aliofungulia saa za watu.

Mkewe alikuwa msusi. Wateja walisema vidole vyake vina macho, kwani alisuka misuko myembamba kama uzi huku akipiga soga na kumcheka kila apitaye mlangoni. Kisha kiharusi kikamshukia kama radi ya kiangazi. Aliponea chupuchupu. Alirudi nyumbani akitembea na kusema, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa mzito kama gogo. Akafunga saluni, akawa anashinda sebuleni, ametulia kama maji mtungini. Utulivu huo ndio uliomtisha mumewe kuliko ugonjwa wenyewe.

Alasiri moja fundi saa alirudi na mfuko wa plastiki uliojaa maji. Ndani yake mlikuwa na kiumbe wa ukoo wa kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota: kiwiliwili cha mviringo kama kifungo cha koti, na mikono mitano mirefu, myembamba, inayopinda kama nyoka.

"Bibie, nimekuletea mgeni," alisema. "Muuza samaki anasema huyu hana makeke. Anajificha chini ya mawe, anakula mabaki, anatusafishia nyumba."

"Basi ana faida kuliko wewe," mkewe alijibu. Alisogeza uso kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili akatabasamu. "Hebu ona mikono hiyo! Huyu amesukwa. Misuko mitano, kichwa kimoja."

Jina likamganda: Misuko.

Tangu hapo msusi alikuwa na sababu ya kuamka. Kila asubuhi, kwa mkono wa kushoto, alidondosha kipande cha ngisi karibu na mawe. Ncha ya mkono mmoja ilichungulia kwanza, ikapapasa maji, kisha Misuko akatoka mzimamzima, akijivuta mbiombio juu ya mchanga. "Karibu, mwanangu," msusi alinong'ona.

Siku moja, mumewe akiwa kazini, kile kipande kilibingirika nyuma ya jiwe. Msusi alitaka kulisogeza. Mkono wa kushoto haukufika, akautia ule wa kulia. Vidole vikamsaliti, jiwe likaporomoka. Mchanga ulipotulia, mikono mitatu ya Misuko ilikuwa imelala chini, imekatika, bado inajinyonganyonga.

Fundi saa aliitwa kwa simu, akaja mbio na aproni yake ya kazi. Alimkuta mkewe ameketi sakafuni, mkono wa gauni unachuruzika maji.

"Nimemuua," alisema. "Mkono huu na ukatwe tu. Umebaki wa kuharibu."

Mumewe hakubishana naye. Aliketi kando yake, akaukausha ule mkono kwa aproni, kidole kimoja kimoja. Kisha akampigia muuza samaki.

"Kiwiliwili ni kizima?" muuza samaki aliuliza. "Basi msimtoe majini. Mikono yake huota upya. Tatizo ni chakula, kwa sababu kwa mikono miwili hatawawahi samaki. Alishwe palepale alipo, na mtu awazuie hao wengine. Bila hivyo, hana siku nyingi."

Fundi saa alileta kibano kirefu na wavu mdogo. "Mimi nashinda kibandani kwenye saa za watu," alisema kwa upole. "Hii ni kazi ya mikono miwili, mama, na mikono iliyopo hapa mchana ni yako."

"Hata huu?"

"Huu ushike wavu tu."

Siku ya kwanza wavu ulimponyoka mara tatu, na samaki wakala kila kitu. Siku ya pili aliufunga mpini kiganjani kwa kipande cha kitambaa. Siku ya nne, jasho likimtiririka, aliwabana samaki pembeni kwa mkono wa kulia, na kwa kushoto akamfikishia Misuko ngisi. Misuko akakikumbatia kipande. Msusi akalia kwa kwikwi, peke yake, mbele ya kioo.

Wiki ya tano alikwisha kukitupa kile kitambaa. Asubuhi hiyo, penye kigutu kimoja, aliona kitu cheupe, chembamba kama uzi wa cherehani. Akapiga simu kibandani.

"Umeota! Umeota, baba!" alipiga kelele, hata wateja wa mumewe wakadhani ni mche shambani.

Habari hizo zilimleta mwalimu wa shule ya jirani, mteja wa msusi kwa miaka mingi. Alitazama jinsi Misuko anavyolishwa, kisha akasema, "Dada, kumbe mkono unashika!"

"Unashika wavu, mwalimu, si kichwa cha mtu."

Mwalimu akafungua kilemba chake. "Kesho kutwa nina mkutano na wazazi, na kichwa ni kiota cha ndege. Nisuke."

"Nitakuharibu."

"Ukiniharibu utafumua. Kwani nywele ni mfupa?"

Msusi alizipapasa zile nywele. "Ile misuko myembamba siiwezi tena."

"Suka unayoiweza."

Mkono wa kulia ukashika, wa kushoto ukasuka. Alisuka, akafumua, akasuka tena, tangu chai ya asubuhi hadi alasiri, mpaka misuko minane minene ikakaa kichwani. Mwalimu alijitazama kwenye kioo, akageuza shingo huku na huku.

"Mstari mmoja umepinda," msusi alisema.

"Umepinda," mwalimu alikubali. "Nirudi lini?"

Alirudi baada ya wiki tatu, akiwa na walimu wenzake wawili. Waliotaka misuko myembamba, msusi aliwaelekeza kwa wengine bila kinyongo. Waliotaka minene walimsubiri yeye, na soga zake zikasikika tena hadi barabarani. Mkono wake haukurudi ulivyokuwa, na kazi yake haikuwa ileile, lakini ilikuwa kazi, na ilikuwa yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.