Forosadi za Kidawa na Mtoto Asiye na Jina

Hapo zamani, katika milima ya ukungu ambako watu hupanda mboga mpaka kizingitini, alikuwako mwanamke kijana aliyeitwa Kidawa. Alikuwa na haya kupita kiasi. Akidonolewa na kuku, yeye ndiye aliyemwomba kuku radhi.

Alipoolewa, mumewe Hoza alimletea vijiti vitatu vya mforosadi, amevifunga kwa kitambaa chenye maji. Kwao Kidawa kulikuwa na miforosadi mingi, na Hoza hakutaka mkewe aone ugeni. Mama yake Hoza, Bi Tausi, akavipokea vile vijiti, akavikwangua gome, akavionja kimoja kimoja.

"Hiki majani yake huwa mapana kama sinia. Cha kulishia mifugo hiki. Tunda lake utaliona ndotoni." Akakitupa.

"Hiki huzaa forosadi nyeupe. Tamu, lakini utamu wa kijinga, hata uso haukunji." Akakitupa.

"Hiki sasa! Hiki huzaa nyeusi. Huchafua meno, huchafua kanga, huchafua na jina la mtu. Tunapanda hiki."

Akakipanda mwenyewe nyuma ya jiko, macho matatu ya kuchipulia chini ya udongo, macho mawili juu.

Mforosadi ukakua. Mwaka wa kwanza, majani. Mwaka wa pili, majani. Tunda hakuna, hata la dawa.

Mwaka wa tatu Kidawa akapata mimba, na mimba ikamkataza chakula. Akila ugali, unarudi. Akila ndizi, zinarudi. Akinywa maji, yanarudi mbio kuliko yalivyokwenda. Akakonda mpaka pete ya ndoa akaihamishia dole gumba. Alichotamani ni kimoja tu, forosadi nyeusi, na alikisema kwa kunong'ona.

"Mwanangu, unamnong'oneza nani?" Bi Tausi akamwambia. "Unatuishia hivi hivi. Paza sauti, huenda mti ukaona aibu."

Basi Kidawa, ambaye hajawahi kumwita hata mbuzi kwa sauti, akasimama mlangoni akapiga ukelele: "Atakayefikisha forosadi nyeusi mdomoni mwangu, nikala nikashiba, ndiye atakayempa mwanangu jina!"

Akakimbilia ndani akajifunika kanga usoni. Lakini neno lilikwisha kutoka, na katika nchi ile neno la mjamzito halirudi, hata kama vingine vyote vinarudi.

Hoza akaanza kazi. Kila asubuhi alipandisha maji kutoka bondeni, ndoo mbili. Akamwaga samadi. Akaupalilia mti, akaupapasa, akaukalisha kitako kwa maneno: "Mti wangu, kama kuna mtu amekuudhi hapa nyumbani, sema." Mti ukaongeza majani.

Jirani yao alikuwa Mdoe, mtu wa maneno mengi na mbuzi mmoja. Mbuzi huyo aliitwa Kidevu. Siku moja Kidevu akakata kamba, akaingia nyuma ya jiko, akala majani ya mforosadi yote. Hakubakiza hata moja la kufutia mdomo.

Bi Tausi alipouona mti uko uchi, akaangua kilio. Akatandika mikeka, akaita majirani, akauwekea mti matanga. Watu wakaja, wakakaa, wakasema marehemu alikuwa na kivuli kizuri. Mdoe naye akaja, akafukuzwa, akarudi kwa mlango wa nyuma kula wali. Matanga ya siku tatu yakafika siku saba, kwa sababu wali ulikuwa na nazi. Siku ya saba waliaji wakauinulia mti macho. Wakaona vichipukizi. Na katika kila kichipukizi, vitunda vya kijani, vidogo, vimebanana kama abiria wa harusi.

Waliaji wakarudi makwao wamenuna.

Sasa wakaja ndege. Hoza akasema, "Nitakuwa sanamu ya kutishia ndege." Akavaa kanzu yake ya harusi, akafunga kanga ya mama yake kichwani, akanyoosha mikono, akasimama chini ya mti.

"Usitikisike hata kidogo," Bi Tausi akamwonya. "Ndege wakijua wewe ni mtu, hawatakuogopa tena."

Hoza akasimama mchana wa kwanza. Akasimama wa pili. Akasimama wiki tatu, jua likichwea ndipo akaenda kulala. Njiwa akaanza kujenga kiota juu ya kichwa chake, naye akavumilia. Mama yake naye akaingiwa na wasiwasi: akahamia kwa Mdoe, akakaa ameishika kamba ya Kidevu kwa mikono miwili, asije akaula mti tena. Mdoe mwenyewe akapigwa marufuku kukanyaga ua ule.

Asubuhi moja Kidawa akaamka, akaona kupitia dirisha la jiko: forosadi zimeiva, nyeusi ti!

"Mume wangu, nichumie," akanong'ona.

Hoza akamjibu kwa pembe ya mdomo, "Siwezi. Mimi sanamu."

"Mama yuko wapi?"

"Ameshika mbuzi."

Kidawa akajikokota akashika ukuta, akafika, akanyoosha mkono wake, akachuma moja. Akatia mdomoni. Akangoja irudi. Haikurudi. Akachuma ya pili, akachuma ya kumi, akala mpaka meno, kanga na viwiko vikawa vyeusi. Jioni akala ugali, ukatulia. Pete ikarudi kidoleni pake. Miezi yake ilipotimia akajifungua mtoto wa kike, mnene, mwenye mapaja ya kukunjana.

Siku ya saba ikafika, siku ya kunyoa nywele na kutaja jina. Wembe umenolewa, maji yako kwenye bakuli, watu wamejaa uani. Bi Tausi akasimama.

"Ingekuwa si mimi, hapo nyuma ya jiko leo pangekuwa na majani ya mbuzi, au zile nyeupe za kijinga. Mimi nilichagua, mimi nilipanda. Mtoto ataitwa Tausi."

Hoza akasimama. Mikono yake ilikuwa bado inapenda kunyooka. "Ingekuwa si mimi, Mama, kijiti usingekiona. Maji nilipandisha mimi. Na ndege wangekula hadi mbegu. Nimelea njiwa kichwani kwa ajili ya mtoto huyu. Ataitwa Subira."

Mdoe akapenya katikati ya watu. "Ingekuwa si mbuzi wangu, mngekuwa mnamwagilia majani mpaka kesho! Mforosadi hauzai mpaka upukutishwe, ndivyo ulivyo. Nani aliupukutisha? Kidevu! Na akatukanwa, akafungwa, hakuombwa radhi mpaka leo. Shemeji, sitaki jina langu. Mimi sina makuu. Mtoto aitwe Kidevu."

"Mjukuu wangu aitwe mbuzi?" Bi Tausi akafoka.

"Mbona wewe umeitwa ndege, bibi, na hatujakucheka?"

Uani pakachafuka. Huyu Tausi, yule Subira, yule Kidevu. Mnyoaji amesimama na wembe hewani. Kidawa alimtazama mwanawe, aliyekuwa anapiga miayo. Jina ni nguo ya kuzikwa nayo, akawaza. Huyu ataitwa hivyo akiwa mtoto, akiwa bibi harusi, akiwa kizee. Moyoni alikuwa na jina moja alilomwitia tumboni miezi yote, hakumwambia mtu.

Akavuta kanga ikamfunika nusu ya uso. Akanong'ona, na kwa kuwa hakuzoea kusema, watu wote wakasogea kumsikia.

"Mimi nilisema atakayefikisha forosadi mdomoni mwangu. Mama alikuwa ameshika mbuzi. Baba mtoto alikuwa sanamu. Mbuzi alikuwa kafungwa. Sasa ninauliza tu, msinikasirikie." Akaunyoosha mkono wake wa kulia, ambao kucha zake zilikuwa na weusi hata sasa. "Uliozifikisha mdomoni si huu?"

Mtoto akaanza kulia.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, msinitazame mimi. Mimi nimeishia hapo. Mmoja alichagua mti, mmoja akautunza na kuulinda, mmoja akaula majani ukazaa, na mmoja akauchuma kwa mkono wake. Mwiteni mtoto, anyamaze. Je, nani alistahili kumpa jina?