Aliyetandika Maboksi

Wapendwa, leo naanza na jambo lililonishinda. Nimewauliza watu wenye akili kuliko mimi, nimelala nalo na kuamka nalo, na jibu sina. Mtu ametenda jema kubwa. Anatafutwa ashukuriwe. Kwa nini asijitokeze?

Palikuwa na kiwanda kidogo cha chakula, cha watu wasiofika thelathini. Walipika maharage ya nazi wakayafunga katika pakiti nene, zile zinazokaa mwaka mzima bila friji. Mnunuzi mmoja wa ng'ambo, katika nchi ya baridi, akaonja akapenda. Akaagiza kontena zima, lakini akasema wazi: "Hili ni la majaribio. Likifika salama, nitachukua kila mwezi. Likiharibika, tuagane kwa heri."

Kiwanda kile kilikuwa kinahema kwa shida. Maduka ya mjini yalikuwa yameacha kuchukua maharage yao. Kila aliyefanya kazi pale alijua kwamba kontena hili likipotea, geti linafungwa.

Siku ya kupakia, kontena likiwa juu ya lori, msimamizi alisimama chini na orodha mkononi. Kila katoni ikipita anaweka alama. Sheria yake ilikuwa moja: hakiingii kitu ambacho hakimo kwenye orodha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na mwenye hofu hupenda orodha. Mchana alikwenda kula, akarudi, akamalizia kuhesabu, akafunga milango na kupiga lakiri kwa mkono wake. Ndani hakuwahi kupanda. Kontena likaenda bandarini, meli ikaondoka.

Wiki ya saba, siku ya Jumamosi, picha ikaingia kwenye simu yake. Mnunuzi amefungua milango. Juu kabisa ya mzigo, chini ya dari, yametandazwa maboksi matupu yaliyochanwa. Yamelowa, yamelegea kama chapati iliyosahauliwa ndani ya chai, yameota ukungu mweusi. Maneno yalikuwa machache: "Tumekuta hivi. Tunashusha. Tutawaambia Jumatatu."

Msimamizi akakaa chini. Maboksi hayakuwa kwenye orodha! Akayatambua. Ni yale yaliyokuwa nyuma ya ghala, aliyoagiza yapelekwe jalalani. Akajiambia: kuna mvivu ameona jalala liko mbali na kontena liko karibu.

Akawaita wote uani.

"Nani alitupa takataka juu ya chakula?"

Wakatazamana.

"Nikimjua, anaondoka leo hii."

Mama mmoja wa jikoni, mwenye mdomo wake, akasema, "Bosi, mimi nikiona boksi nawashia jiko. Nilipandishe meli liende ng'ambo, lina ndugu huko?"

Watu wakaanza kucheka, wakamwona bosi hacheki, wakanyamaza. Akawauliza mmoja mmoja. Mpakiaji mrefu, si mimi. Mwenzake, si mimi. Mlinzi wa geti, si mimi. Wakaenda nyumbani wakijua wamebakiwa na siku moja tu ya kuitwa wafanyakazi.

Ndugu yangu, usimcheke msimamizi. Ungekuwa wewe, na picha ile mkononi, ungefanya nini? Mimi ningefanya hayo hayo, tena kwa kelele zaidi.

Jumatatu ujumbe ukafika. Msimamizi akausoma mara tatu, amesimama.

"Katoni zote ni kavu. Mshukuruni aliyetandika maboksi. Kontena la muuzaji mwingine, lililosafiri meli hiyo hiyo, halikutandikwa kitu. Nusu yake tumetupa. Tunaagiza la pili."

Maana yake ni hii. Unapofunga kontena kwetu, unafungia na joto letu na unyevu wake. Meli inaingia bahari za baridi, dari ya chuma inapoa, na ule unyevu unageuka maji. Dari inatoka jasho. Mvua inanyesha ndani ya sanduku lililofungwa, mahali ambapo hakuna mtu wa kuiona, na inanyesha kwa wiki kadhaa. Maboksi yale machafu yalikuwa yamenyeshewa mvua yote ili katoni zisinyeshewe. Ukungu ule mweusi ulitakiwa uwe wa maharage.

Akawaita tena uani. Safari hii sauti yake ilikuwa chini.

"Yule niliyemtafuta Jumamosi, namtafuta tena. Nataka nimshike mkono nimwombe radhi."

Yule mama akauliza, "Bosi, tuelewane. Ni yule yule wa Jumamosi, au ni mwingine?"

"Ni yule yule, mama."

"Mh! Basi bado si mimi."

Wakacheka, na bosi akacheka nao, machozi yakimlengalenga. Akauliza mmoja mmoja. Mpakiaji mrefu, si mimi. Mwenzake, si mimi. Mlinzi, si mimi.

Akatazama picha tena. Maboksi yalikuwa yamepandanishwa, ukingo wa moja juu ya ukingo wa jingine, kama mtu anavyoezeka makuti ili maji yateleze. Akasema moyoni, huyu ni mtu anayejua paa linalovuja. Akainua uso, akawatazama wale watu. Wote walikuwa wamekulia chini ya paa linalovuja.

Basi, kwa nini hakujitokeza? Wengine huniambia aliogopa mtego. Inawezekana. Wengine wanasema alikuwa kibarua wa siku moja, hakuwapo tena. Wengine wanasema alishamwambia Mungu na ikamtosha. Mimi sijui.

Lakini linalotuhusu sisi nalijua. Sisi tuliokaa humu leo tumefika tukiwa wakavu, na wengi wetu tunadhani ni kwa sababu katoni zetu ni imara. Ni nani alikuwa juu yako, wewe? Yule mama uliyemwonea haya alipokuja shuleni na kanga iliyopauka, kanga ile ilipaukia wapi? Yule baba aliyekuwa mkali, mwenye mgongo uliopinda, alipinda akibeba nini? Yule jirani aliyelijua neno moja ambalo lingevunja ndoa yako, alikufa nalo kwa ajili ya nani? Sisi tuliona ukungu juu yao tukauita uchafu. Tukauliza nani ameleta takataka. Kumbe unyevu ule ulikuwa wetu.

Wengine bado wako hai. Ukitoka hapa, nenda ukamshike mkono. Akikukatalia, akisema si mimi, mshike tu. Na wale ambao hatutawajua kamwe, tumshukuru Bwana kwa ajili yao, maana yeye alikuwamo ndani ya sanduku lilipofungwa, na aliwaona.

Sasa niwaambie iliamuliwa nini. Siku ile ile, pale uani, msimamizi aliandika mstari mpya juu kabisa ya orodha yake, kabla ya katoni ya kwanza: maboksi ya kutandika. Kisha akauliza nani atafanya kazi hiyo. Mpakiaji mrefu akainua mkono. Mwenzake akainua. Mlinzi wa geti, ambaye hata si kazi yake, naye akainua.

"Shusheni mikono," msimamizi akasema.

Kontena la pili lilipokuja, alimpa yule mama wa jikoni orodha, akavua viatu, akapanda. Akalala kifudifudi juu ya katoni, kichwa kikigusa dari, akatandika boksi moja moja, ukingo juu ya ukingo, kuanzia mwisho kabisa hadi mlangoni. Alishuka shati limelowa jasho, akafunga milango. Na kila kontena linalotoka pale mpaka leo, anayepanda ni yeye.